Mgeni wa Kampala, Mdaiwa wa Kariakoo

Duka halipo tena. Pale kwenye kona ya Mtaa wa Mahiwa limesimama jengo la ghorofa tisa, na chini yake wanauza makava ya simu. Lakini kila nikipita hapo pua yangu inagoma kuamini. Inanusa chaki ya mafundi, mafuta ya cherehani, na karafuu aliyozoea kuitafuna Awadhi, maana, alisema, muuza vifungo anaongea na watu kwa karibu mno.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, yeye ishirini na sita. Duka aliachiwa na baba yake: vifungo, zipu, nyuzi, lastiki, na bitana ya kushonea ndani ya nguo. Mimi nilikuwa binti wa Bi Siwema wa Magomeni, fundi wa sare za shule, na tangu nilipomaliza kidato cha sita ndiye niliyetumwa kununua zipu. Zipu ya sketi haichukui dakika mbili kununua. Mimi nilitumia saa nzima, na Mama, ambaye hajawahi kuwa mjinga, alikuwa akiniuliza kama siku hizi zipu zinapandwa kwanza.

Mwaka ule nilipata nafasi katika chuo kimoja cha Kampala, kusomea usanifu wa vitambaa kwa miaka mitatu. Tangu Machi, mimi na Awadhi tulikuwa tukipanga bajeti yangu juu ya kaunta yake. Karatasi hakuitaka.

"Karatasi inakubali chochote utakachoiandikia," alisema. "Kifungo unacho au huna."

Basi kifungo kimoja kikubwa cha koti kikawa laki moja. Mama alikuwa ameweka milioni nne, jasho la misimu minne ya sare, kwa hiyo tulikuwa na vifungo arobaini. Ishirini na vinne tulivipanga kushoto: ada ya mwaka. Sita hosteli. Saba chakula, Awadhi alisema saba ni vichache kwa mtu anayekula kama mimi, nikamwambia ndizi za kule ni za bure. Viwili nauli ya kwenda na kurudi. Kimoja kibali cha kuishi kule kama mwanafunzi. Vyote vilikaa kwenye sinia la bati kwa miezi mitano. Mteja akinyoosha mkono, Awadhi alimzuia kwa adabu zote.

"Hapo usiguse, mama. Hiyo ni hosteli."

Nikikumbuka siku zile, sikumbuki busu wala maua. Nakumbuka vidole vyake virefu vikisogeza kifungo kutoka kwenye nauli kwenda kwenye chakula, kisha macho yake yakipanda polepole kuangalia kama nimekubali.

Barua ya chuo iliingia kwenye simu yangu Alhamisi moja ya Agosti, saa tano asubuhi. Nilisimama mbele ya kaunta nikamsomea.

"Soma tena," alisema.

"Nimeshasoma mara nne."

"Soma ya tano. Taratibu."

Kosa lilikuwa langu. Karatasi ya ada ilikuwa na safu mbili, Wananchi na Wageni, nami nilisoma ya kwanza nikapita zangu. Nilijiambia sote ni Afrika Mashariki, mpaka wenyewe tunavuka kwa kuonyesha karatasi tu, ugeni gani tena? Nilipowaandikia chuo kuuliza nilipe benki gani, walinijibu kwa upole kwamba mwanafunzi kutoka Tanzania anahesabiwa katika safu ya pili. Ukiigeuza kwa hela yetu, mwananchi alilipa milioni moja na laki mbili kwa muhula. Mgeni alilipa milioni mbili na laki moja.

"Yaani mtu wa Masaka mwananchi, wa Bukoba mgeni," Awadhi alisema. "Na senene wanakula wale wale."

Sikucheka. Alivuta boksi la vifungo vya koti akaanza kuongeza upande wa ada. Kimoja. Viwili. Alipofika kumi na vinane sinia lilikuwa limejaa. Ada ikaingia kwenye hosteli, hosteli ikaingia kwenye chakula, hatukujua tena kipi ni kipi.

"Muhula wa kwanza unatosha," nilisema. "Wa pili sina. Na bado kuna miaka miwili mbele."

"Umemwambia mama yako?"

"Nimwambie nini? Kwamba nitaondoka halafu nirudi katikati kama gari lililoishiwa mafuta? Baba mdogo atanunua cherehani ya pili, aiweke pembeni ya ile ya Mama, aseme Mungu hakuandika."

Nje kuli mmoja alikuwa akipiga kelele watu wampishe na mkokoteni wake, na Awadhi alimsikiliza kana kwamba kuli yule alikuwa anatoa hotuba.

"Ninazo," alisema mwishowe.

"Nini?"

"Hizi kumi na nane. Ninazo nyumbani, kwenye kibubu. Na zaidi kidogo."

"Hela za nini?"

Alianza kupanga upya vifungo ambavyo havikuhitaji kupangwa. "Za kukuposa," aliviambia.

Miaka miwili na zaidi ya zipu, na hakuwa amewahi kulitamka neno hilo. Nilimwangalia mpaka akalazimika kuinua uso. Macho yake yalikuwa na woga wa mtu aliyetaja bei na anasubiri mteja ageuke aondoke.

"Ungeniuliza kwanza," nilisema.

"Nilikuwa nasubiri kijae."

*

Jumamosi alasiri akaja Magomeni, na hapo ndipo alipoharibu.

Kijana huyu, aliyejua bei ya kila uzi Kariakoo, alisahau jambo linalojulikana na kila mtoto wa pwani: mwanamume haendi mwenyewe kwa wakwe na hela mkononi. Anatuma mshenga, mshenga anazungumza, wazee wanajibu, hata mkikataana hakuna aliyevunjika uso. Awadhi alikuja peke yake, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, kibubu chake cha mbao amekibana kwapani kama jogoo wa kupeleka mnadani.

Na kwa bahati yangu, ukumbini alikuwa amekaa Baba mdogo Bushiri. Ni mdogo wake marehemu baba, muuza maharage wa jumla, na tangu baba afariki yeye ndiye mwenye neno juu ya ndoa yangu. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele. Kutoka pale nilimwona kila mtu na nikasikia kila kitu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umetuletea nini, redio?"

Awadhi alikaa kwenye mkeka, akakiweka kibubu mbele yake. "Ni hela, Mzee. Ya Sitara, ya chuo. Ada imeongezeka, kwa hiyo nikaona..."

"Ukaona," Baba mdogo alirudia. "Wewe ni nani yake hata ukaona?"

Mama aliacha kushona. Nami mikono yangu ikasimama juu ya ungo.

"Ngoja nikusaidie kuchagua," Baba mdogo aliendelea, bila hasira, jambo lililokuwa baya zaidi. "Kama hii ni mahari, mshenga wako yuko wapi? Na ni mke gani anaolewa leo, kesho yuko Kampala miaka mitatu? Kama ni sadaka, kaka yangu alikufa lakini hakuacha ombaomba. Kama ni mkopo, unamkopesha msichana ambaye si ndugu yako. Magomeni watauliza ameweka nini rehani. Haya. Ni ipi?"

"Bushiri," Mama alisema, "kijana amekuja kwa wema."

"Wema wake ndio unaonipa taabu, shemeji. Angekuwa mwovu ningeshamtoa." Akanywa kahawa yake. "Mimi naona tusisumbuke. Chuo ni ghali, asiende. Huyu kijana si mbaya, ana duka. Arudi na mshenga wake, tumwoze mtoto, mambo yaishe."

Sitawadanganya. Kwa muda wa pumzi moja nililitaka jambo hilo. Ningenyamaza tu, nichambue mchele wangu, na kabla ya Idi ningekuwa mke wa Awadhi, nafungua duka naye asubuhi na kulifunga naye jioni. Nilichokitamani kwa miaka miwili kilikuwa kimewekwa mkekani, na bei yake ilikuwa kukaa kimya.

"Hapana, Mzee," Awadhi alisema.

"Hapana nini? Humtaki?"

"Namtaka." Aliuweka mkono juu ya kibubu. "Lakini akibaki kwa hivi, kila kitambaa atakachokishika kitakuwa kinanisema. Mimi siwezi kuishi nyumba moja na vitambaa vinavyonisema."

Mama aliinamisha kichwa. Niliweka ungo chini, nikajifunga khanga vizuri, nikaingia ukumbini.

"Baba mdogo, samahani. Naomba kuuliza. Wewe biashara uliianza na nini?"

Alinikunjia uso, lakini hiyo ilikuwa hadithi yake aipendayo kuliko zote, na mtu hawezi kuikataa hadithi yake mwenyewe. "Magunia matatu ya maharage. Unajua."

"Ya nani?"

"Ya Pantaleo, Mchaga wa Rombo. Yeye kanisani, mimi msikitini, na hakuwa ananijua vizuri."

"Ulimpa nini?"

"Nimpe nini, sikuwa na kitu. Mali kauli."

Kwa asiyekulia Kariakoo, mali kauli ni hivi: unapewa mzigo kwa neno lako, unakwenda kuuza, unarudisha bei ya mwenye mali, kinachobaki ni chako. Husaini popote. Kinachotakiwa ni mtu mmoja mwenye jina sokoni aseme, huyu namjua. Ukila mali ya watu, jina linalochafuka ni la huyo aliyekusemea, na ndiyo maana watu hawali.

"Pantaleo alikuonea huruma?" niliuliza.

"Huruma? Pantaleo hakuwa na huruma hata na meno yake."

"Watu walisema umeweka nini rehani?"

Alikuwa ameshaona ninakompeleka, na miguu ilikuwa yake mwenyewe.

"Basi sitaki hela ya kibubu," nilisema. "Nataka mzigo. Wanunuzi wa Kampala wanakuja mpaka Mahiwa kufuata zipu na bitana, wanalipa nauli, wanalala gesti. Nitawapelekea mafundi wao hukohuko. Kila muhula Awadhi anipe mzigo kwa bei ya jumla, nitauza, nitamrudishia chake, na faida italipa ugeni wangu. Hiyo si mahari, si sadaka, na si mkopo wa siri. Ni biashara, kama yako."

"Unajua kuuza, wewe?"

"Nimebishana bei na huyu kwa miaka miwili."

"Anabisha kweli, Mzee," Awadhi alisema chinichini.

"Na nani atakusemea?"

"Wewe."

Nje jirani alikuwa anapuliza moto wa mkaa, tukausikia. Baba mdogo alizungusha kikombe mkononi. Jina lile alikuwa amelijenga miaka thelathini, gunia kwa gunia, na binti wa kaka yake alikuwa amesimama mbele yake akiliomba alibebe kwenda nchi ya watu.

"Ukinichafulia," alisema, "sitakuwa na la kumwambia kaka yangu siku tutakapokutana."

"Sitakuchafulia."

"Kila muhula unalipa deni la zamani lote. Lote, Sitara. Ndipo unachukua jipya."

"Ndiyo, Baba."

Kisha akamgeukia Awadhi, na nikajua kwamba Baba mdogo hajawahi kutoa mzigo bila kukaza kamba.

"Na wewe nisikilize. Mtu hamposi anayemdai. Akikuitikia, utajua vipi kama umejibiwa na moyo au na deni? Hata yeye mwenyewe hatajua. Kwa hiyo wakati anadaiwa sitaki neno la mapenzi kutoka kinywani mwako, wala kwenye simu, wala kwa kumtuma mtu. Bei, idadi, mzigo umefika, basi. Unakubali?"

Awadhi aliniangalia. Nimetazamwa na watu wengi tangu siku ile, lakini sijatazamwa vile tena, kama mtu anayekariri.

"Nakubali, Mzee. Na siku asiyodaiwa?"

"Asiyodaiwa ni mtu huru. Mtu huru anasikiliza anachotaka." Akakisukuma kibubu kwa ncha ya kidole. "Chukua redio yako."

*

Niliondoka Septemba. Siku moja kabla ya safari nilikwenda dukani kuchukua mzigo, na Awadhi alikuwa ameshaufunga kwenye viroba viwili vya nailoni. Alisimama ng'ambo ya kaunta na daftari, mikono yake haijui pa kukaa.

"Zipu nyeusi za sketi, darzeni arobaini," alisoma.

"Arobaini."

"Za suruali, thelathini. Bitana jora tatu. Nimekuwekea na nyuzi za kijani, kule sare nyingi ni za kijani, niliuliza."

"Uliuliza?"

"Kibiashara."

"Sawa."

"Kule kunanyesha. Usiweke bitana chini, inavuta unyevu. Weka juu ya kitu. Na ikipata baridi..." Akasita. "Bitana ikipata baridi, ifunike. Usiiache hivihivi kwa sababu unasoma mpaka usiku."

"Nitaifunika bitana."

"Ile nzito nimeiweka juu kabisa. Ile ya kujifunikia. Ya kufunikia bitana."

Nilifungua kiroba. Juu ya majora lilikuwepo blanketi jipya la kahawia ambalo halikuandikwa popote kwenye daftari.

"Awadhi," nilisema.

"Usiseme kitu, Sitara. Ukisema, nitajibu, na nikijibu itabidi urudishe mzigo."

Kwa hiyo hatukusema kitu. Nilisaini kwa heshima tu, maana mali kauli haina sahihi. Akanibebea viroba mpaka kwenye bajaji, akavifunga, akafungua, akavifunga tena. Bajaji ilipoondoka niligeuka nikamwona amesimama katikati ya Mtaa wa Mahiwa, mikokoteni inampita huku na huku, makuli wanamtukana apishe njia, na yeye hasikii. Mpaka leo anakataa kwamba alikuwa analia. Anasema ni vumbi la majora.

Kampala nilikuwa mgeni kweli, na nililipa kila senti ya ugeni huo. Asubuhi nilisoma rangi na nyuzi. Mchana nilipanda na kushuka vilima na begi la zipu, najifunza kusema bei kwa Kiganda, nacheka nikikosea, nauza. Kila Jumapili ulikuja ujumbe wa Awadhi. *Mzigo ukoje?* Nilimjibu, *Unakwenda. Bitana imefunikwa.* Wiki nyingine, *Mzigo ukoje?* Nami niliandika, *Una huzuni leo, lakini unakwenda.* Alikaa dakika kumi ndipo akajibu, *Mwambie mzigo bei yake haijashuka hapa.* Baba mdogo angeusoma ujumbe ule asingeona kosa.

Januari nikarudi Dar kwa siku chache za mwisho za likizo; zilizotangulia nilizimaliza nikiuza. Nilishuka kwenye basi Jumapili. Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa kwenye kaunta na hela yote ya mzigo, nimeifunga kwenye leso. Aliihesabu mara moja. Akapiga mstari kwenye daftari, kutoka juu mpaka chini. Kisha akaiweka kalamu kando.

"Unadaiwa?" aliuliza.

"Sidaiwi."

"Hata shilingi?"

"Hata shilingi."

Akatoka nyuma ya kaunta. Pale dukani nilimzoea miaka yote ile akiwa nusu mtu, kuanzia kifuani kwenda juu, na sasa alikuwa amesimama mbele yangu mzima mzima, kandambili miguuni, mrefu kuliko nilivyokumbuka.

"Basi nakupenda," alisema. "Nilitaka kukuambia tangu ulipokuja kubishana bei ya bitana na ulikuwa huna haki. Nilikuwa nimelikalia hilo neno miezi minne, Sitara, linaniwasha kama upele."

"Nilikuwa na haki," nilisema. "Na mimi nakupenda."

Mzigo wa pili ulikuwa tayari mlangoni, umefungwa kwa kamba. Tulipata fahamu ya kuuona baadaye kidogo. Chuo kilikuwa kinafungua Alhamisi, na basi la Kampala lilikuwa kesho yake alfajiri. Nikiugusa tu mzigo ule, nimeshakuwa mdaiwa.

Awadhi aliutazama, akanitazama. "Uchukue?"

"Nitauchukua kesho," nilisema.

Kesho yake nikasema kesho. Tulikaa dukani tukisema kila upuuzi tuliokuwa tumeuwekea akiba. Tukala mihogo ya kukaanga tumesimama. Tukatembea mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, hatujui tulikuwa tunafuata nini. Jumatano Baba mdogo alipita, akausoma mzigo pale mlangoni, akatusoma na sisi.

"Bado haujaondoka?"

"Bado, Mzee."

"Hmm," alisema, akaenda zake kwenye maharage yake.

Niliubeba Ijumaa. Kampala nilifika nimechelewa kujisajili, na mhasibu wa chuo, mama mmoja wa makamo mwenye miwani kwenye ncha ya pua, akaniandikia faini ya elfu themanini. Aliniuliza kilichonichelewesha. Nilimwambia nilikuwa napumzika kudaiwa.

Ukiacha ule ugeni wangu, katika bajeti yote ya mwaka ule hiyo ndiyo gharama pekee ambayo hatukuwa tumeipangia. Muhula uliofuata niliitengea hela mapema.